Cissé alivyomwachia Mané tuta la mwisho

KIPA Patrick Matasi wa Harambee Stars anayo stori ya kuwasimulia wajukuu. Denis Onyango wa Uganda Cranes naye anayo. Stori zenyewe zinafanana: kila mmoja amewahi kuizuia penalti ya Sadio Mané kwenye fainali za Afcon, tena ndani ya siku tano, kule Misri mwaka 2019.

Alianza Matasi, Julai 1, jijini Cairo. Kipindi cha kwanza, matokeo bado 0-0, Mané akaweka mpira chini, akapiga, Matasi akaucheza. Baadaye Senegal ilishinda 3-0 na Mané mwenyewe akafunga mawili, moja kwa penalti, lakini ile ya kwanza ilishaingia kwenye kumbukumbu za Wakenya. Julai 5 ikaja zamu ya Uganda, hatua ya 16 bora. Mané alifunga bao pekee la mchezo mapema tu, kisha kipindi cha pili akaangushwa na Onyango ndani ya boksi, akaamka, akajipukuta vumbi, akaenda kupiga mwenyewe. Onyango naye akaucheza.

Hesabu yake: penalti tatu katika mechi mbili, mbili zimeishia mikononi mwa makipa. Na huyu si straika wa mchangani. Ni mtu ambaye mwezi mmoja tu kabla alikuwa ametoka kubeba Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Liverpool.

Ikaja nusu fainali dhidi ya Tunisia. Senegal ikapata penalti nyingine. Mané alikuwepo uwanjani, mzima kabisa, lakini aliyeweka mpira chini safari hii alikuwa Henri Saivet. Naye akakosa, kipa Mouez Hassen akaudaka. Senegal ikavuka kwa bao la kujifunga la Dylan Bronn kwenye muda wa nyongeza, watu wakasahau. Ila picha ya Mané akiwa amesimama pembeni wakati mwenzake anapiga penalti haikuwa picha ndogo. Staa mkubwa wa timu alikuwa amekaa kando na mpira.

Sasa ruka miaka miwili na miezi saba. Februari 6, 2022, Uwanja wa Olembé, Yaoundé. Fainali ya Afcon, Senegal na Misri, dakika 120 zimeisha 0-0, mechi iko kwenye matuta. Limebaki tuta moja ambalo likiingia tu Senegal ni bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Anayetembea kutoka katikati ya uwanja ni Mané. Yuleyule. Na usiku huohuo, dakika ya saba ya mchezo, alikuwa ameshakosa penalti nyingine.

Ni kocha gani anayemwachia mpira mtu wa namna hiyo?

BAMAKO, USIKU WA NAHODHA

Jibu linaanzia Bamako, Mali, Februari 10, 2002. Senegal ilikuwa imefika fainali ya Afcon kwa mara ya kwanza, chini ya Mfaransa Bruno Metsu, na mbele yake walikuwepo Cameroon, mabingwa watetezi. Dakika 120 zikaisha bila bao. Matuta.

Nahodha wa Senegal alikuwa kiungo mkabaji mwenye rasta, Aliou Cissé, umri miaka 25. Si mtu wa mbwembwe. Kazi yake ilikuwa kukata umeme katikati, kuwavunja watu na kuwaachia mpira kina El Hadji Diouf. Tuta la mwisho la Senegal likamwangukia yeye. Akapiga, kipa Alioum Boukar akaudaka. Cameroon 3, Senegal 2. Kombe likaenda.

Watu wengi hapa kwetu wanaikumbuka Senegal ya 2002 kwa jambo jingine kabisa: Mei 31, Seoul, bao la Papa Bouba Diop lililowaua Ufaransa waliokuwa mabingwa wa dunia, kisha wakaenda hadi robo fainali ya Kombe la Dunia. Cissé alikuwa nahodha wa kikosi hicho pia. Lakini kwa mwenye kukosa, usiku wa Bamako haufutwi na ushindi wa Seoul. Diouf na Amdy Faye nao walikosa usiku ule, ila historia ina tabia ya kumkumbuka wa mwisho.

Mwaka huo haukuishia hapo kwake. Septemba 26, 2002 meli ya Le Joola ilizama ikiwa safarini kutoka Ziguinchor kwenda Dakar. Watu zaidi ya 1,800 walifariki. Cissé ni mzaliwa wa Ziguinchor, na miongoni mwa waliokufa walikuwemo ndugu zake wengi. Kwa Watanzania waliowahi kusubiri habari za MV Bukoba mwaka 1996 hakuna haja ya maelezo marefu. Ukiliweka jambo hilo kwenye mizani, tuta la Bamako linakuwa kitu kidogo. Huenda ndiyo sababu Cissé, kwa miaka yote aliyokaa kwenye benchi, hakuwa kocha wa kurusha chupa wala wa kumnyooshea kidole mchezaji mbele ya kamera.

FRANCEVILLE, TUTA LA TANO

Alikabidhiwa timu ya taifa Machi 2015, baada ya Alain Giresse kuondoka. Kabla ya hapo alishafanya kazi na vijana wa chini ya miaka 23. Aliyemkuta akiwa tegemeo ni kijana wa Bambali, Sadio Mané, ambaye wakati wa fainali ya Bamako alikuwa na miaka tisa.

Afcon ya 2017 nchini Gabon, robo fainali, Franceville. Wapinzani? Cameroon tena. Matokeo baada ya dakika 120? 0-0 tena. Matuta tena. Ukiwa mpenzi wa Senegal mwenye umri wa kuikumbuka Bamako, hapo ulizima runinga.

Wapigaji wanne wa kwanza wa Senegal wakafunga. Wa nne wa Cameroon nao wakafunga. Wa tano kwa Senegal akawa Mané, kipa Fabrice Ondoa akaicheza. Vincent Aboubakar akamaliza kazi, 5-4. Mané akalia kama mtoto. Liverpool walituma ndege binafsi kumchukua na siku tatu baadaye, Januari 31, akaingia kutokea benchi dhidi ya Chelsea pale Anfield.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kwenye matuta, orodha ya wapigaji ni kazi ya benchi la ufundi, na kocha ndiye mwenye neno la mwisho. Wa tano huwa ni mtu wa kazi chafu: mara nyingi mpira wake ndio unaoamua mechi. Cissé alikuwa amempa staa wake nafasi ileile iliyomchoma yeye mwenyewe, tena dhidi ya nchi ileile, na mambo yakawa yaleyale.

Kocha mwingine angeshafanya hesabu rahisi: kijana huyu matuta hayamwezi, apige mwingine. Huo nao ungekuwa ni kujifunza kutokana na makosa, na hakuna ambaye angemlaumu. Ila kuna kujifunza kwa kukimbia na kuna kujifunza kwa kurudi.

KADI ZA NJANO, MARA MBILI

Tusimpambe Cissé kupita kiasi. Yapo makosa ambayo timu yake iliyafanya na ikachelewa kuyaelewa.

Kombe la Dunia 2018, Urusi. Senegal iliifunga Poland 2-1, ikatoka 2-2 na Japan. Mechi ya mwisho dhidi ya Colombia, Juni 28, sare tu ilitosha. Dakika ya 74 Yerry Mina akapiga kichwa, 1-0. Japan nao walikuwa wanapigwa 1-0 na Poland. Senegal na Japan wakamaliza wakiwa sawa kwa kila kitu: pointi nne, mabao manne ya kufunga, manne ya kufungwa, na walipokutana walitoka sare.

Kikatumika kipimo ambacho hakikuwahi kumtoa mtu kwenye Kombe la Dunia: kadi. Japan walikuwa na njano nne, Senegal sita. Kwaheri. Dakika za mwisho Japan walikuwa wanapigiana pasi nyuma huku wakijua wamepigwa, kwa sababu walishapiga hesabu ya kadi. Senegal walikuwa hawajaipiga hesabu hiyo tangu mechi ya kwanza.

Ungedhani somo hilo lingekaa kichwani. Mwaka mmoja baadaye, Afcon ya Misri, ileile ambayo Taifa Stars ilirudi baada ya miaka 39 na kufungwa 2-0 na hawa hawa Senegal kwenye mechi ya kwanza, huku Aishi Manula akifanya kazi ya ziada langoni. Senegal wakafika fainali. Lakini beki wao bora, Kalidou Koulibaly, alikuwa jukwaani. Kwa nini? Kadi za njano. Aliipata ya pili kwenye nusu fainali.

Fainali ikachezwa Julai 19. Dakika ya pili tu Baghdad Bounedjah wa Algeria akapiga shuti, mpira ukamgonga beki Salif Sané, ukapaa juu, ukamshinda kipa Alfred Gomis aliyebaki anautazama. Sané ndiye aliyekuwa ameziba pengo la Koulibaly. Mtu wa mpira hawezi kusema Koulibaly angeuzuia ule mpira, kwa sababu bahati mbaya haina jina la beki. Lakini timu iliyotolewa Kombe la Dunia kwa kadi, mwaka uliofuata ikacheza fainali bila nguzo yake kwa sababu ya kadi, haiwezi kusema ilikuwa bahati mbaya tupu.

Ilikwisha 1-0. Cissé akawa amepoteza fainali ya Afcon akiwa nahodha na akapoteza nyingine akiwa kocha. Na aliyemfunga ni Djamel Belmadi, kocha wa Algeria, ambaye amezaliwa Machi 25, 1976, siku moja tu baada ya Cissé, na wote wawili wamekulia Champigny, kitongoji cha Paris. Soka lina utani mbaya wakati mwingine.

YAOUNDÉ, DAKIKA YA SABA

Shirikisho la Senegal lilimbakisha. Kelele zilikuwepo: kwamba anacheza kwa woga, kwamba ana mastaa wa Ulaya na soka halionekani. Afcon iliyofuata, ya Cameroon, ilianza kwa kuwapa wapinzani wake hoja. Mechi tatu za makundi, bao moja tu, nalo la penalti. Dhidi ya Zimbabwe mechi ilishaingia dakika ya 97 wakati Mané alipoweka mpira chini na kufunga. Ndiyo, Mané. Zilizofuata zilikuwa 0-0 na Guinea, 0-0 na Malawi. Kipa Édouard Mendy na Koulibaly walianza mashindano wakiwa wametengwa kwa Uviko.

Wengi hawakuipa uzito ile penalti ya Zimbabwe, na pengine hata wapenzi wa Senegal waliisahau haraka kwa jinsi mechi ilivyokuwa mbovu. Ila ndipo palipoonyesha kwamba ule uamuzi wa 2019 wa kukaa kando ulishafutwa. Dakika ya 97 na timu haina bao, hapo hapigi mtu aliyeombwa kupiga. Hupiga mwenye mpira wake.

Mashine ikaanza kuwaka kwenye mtoano. Cape Verde 2-0, Guinea ya Ikweta 3-1, Burkina Faso 3-1. Safari hii Koulibaly alifika fainali akiwa hana deni la kadi, kitambaa cha unahodha mkononi.

Fainali na Misri ya Mohamed Salah. Dakika ya saba, beki kijana Mohamed Abdelmonem anamwangusha Saliou Ciss. Penalti. Mané anaenda. Salah, mwenzake wa Liverpool anayemuona mazoezini kila siku, anaonekana akimfuata kipa wake na kuongea naye. Kipa mwenyewe ni Mohamed Abou Gabal, 'Gabaski', ambaye hata hakuanza mashindano kama namba moja. Aliingia baada ya Mohamed El Shenawy kuumia dhidi ya Ivory Coast, na tangu hapo alishaitoa Ivory Coast kwa matuta na kuwatoa wenyeji Cameroon kwa matuta. Alikuwa kwenye moto.

Mané alipiga kwa nguvu zote. Gabaski akaicheza.

Fikiria dakika 113 zilizobaki baada ya hapo. Kila mpira anaogusa, jukwaa zima linajua. Mwenyewe anajua zaidi. Franceville, Matasi, Onyango, na sasa hii. Mané alisema baadaye kwamba kukosa kule kulimuumiza sana, lakini wenzake walimfuata wakamwambia kushinda ni kwa wote na kupoteza ni kwa wote, aendelee na kazi, na kwamba maneno hayo ndiyo yaliyompa nguvu. Aliendelea kweli. Hakujificha pembeni, aliendelea kuomba mipira na kuwashambulia mabeki. Gabaski alikuwa na usiku wa maisha yake, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi, na bila yeye mambo yangeisha mapema.

Kisha refa akapuliza, 0-0. Benchi la Senegal likakaa kupanga orodha.

Wa kwanza Koulibaly, goli. Zizo wa Misri, goli. Abdou Diallo, goli. Abdelmonem, yuleyule aliyesababisha penalti ya dakika ya saba, akagonga mwamba. Bouna Sarr akapiga, Gabaski akaicheza. Marwan Hamdi akasawazisha, 2-2. Bamba Dieng akafunga. Mohanad Lasheen akapiga, Mendy akaenda chini na kuizuia.

3-2. Jina la tano kwenye orodha ya Senegal: Sadio Mané.

Salah alikuwa wa tano kwa Misri. Hakupata nafasi ya kupiga, na mashabiki wake walilalamika sana kuhusu kumwekea mtu kama yule mwishoni. Hoja yao ina maana. Lakini kwa upande wa pili, hoja ya Cissé ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu yeye alikuwa na kila sababu ya kumtoa Mané kwenye orodha kabisa na hakuna gazeti ambalo lingeuliza. Mtu amekosa robo fainali ya 2017 akiwa wa tano. Amekosa mara mbili 2019. Amekosa leo, mbele ya kipa huyuhuyu. Halafu bado wa tano.

Cissé alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja. Zilikuwa zimebaki siku nne tu kutimia miaka 20 tangu usiku wa Bamako. Yeye, baada ya tuta lile, hakupata tena nafasi ya kurudi kwenye tuta la fainali akiwa na jezi ya Senegal. Alijua kuliko mtu yeyote pale Olembé uzito wa kubaki na tuta ambalo huwezi kulirudia.

Mané akarudi nyuma hatua chache. Akapiga kwa nguvu ileile ya dakika ya saba. Gabaski akaruka. Nyavu.

4-2. Senegal bingwa wa Afrika, kwenye ardhi ya Cameroon, nchi iliyowatoa machozi 2002 na 2017. Mané akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

YALIYOFUATA

Mwezi uliofuata tu walikutana tena na Misri, mchujo wa Kombe la Dunia, mechi mbili, kila mmoja akashinda 1-0 kwake. Machi 29, Diamniadio, matuta tena. Koulibaly akagonga mwamba, Salah akapaisha. Saliou Ciss akakosa, Zizo akatoa nje. Miale ya leza kutoka majukwaani iliwamulika Wamisri usoni usiku ule na walikuwa na haki ya kulalamika. Fifa iliipiga faini Senegal. Mpigaji wa mwisho akawa nani? Mané, wa tano. Goli, 3-1, Senegal ikaenda Qatar.

Kama stori ingeishia hapo ingefaa kwenye sinema. Haikuishia hapo.

Mei 14, 2022, Wembley, fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Chelsea, 0-0, matuta. César Azpilicueta wa Chelsea alishagonga mwamba, hivyo tuta la tano la Liverpool likiingia, kombe ni lao. Anaenda Mané. Langoni mwa Chelsea amesimama Édouard Mendy, kipa wake wa Senegal, mtu aliyekuwa naye Olembé na Diamniadio.

Mendy akaidaka.

Liverpool walikuja kushinda 6-5 kwa tuta la Kostas Tsimikas, na Jürgen Klopp akakiri kwamba angalau nusu ya lile kosa ni lake, maana alimshauri Mané abadili upande kwa kuwa Mendy anamjua. Kwa hiyo hata baada ya Yaoundé, hata baada ya kuwa bingwa wa Afrika, Mané alikosa tena. Anayedhani kujifunza penalti ni kama kujifunza baiskeli, kwamba ukishajua umejua, hajawahi kusimama mita 11 kutoka kwa kipa anayejua jina la mama yako.

Ila angalia kilichotokea wiki tatu baadaye. Juni 4, Senegal inaanza kampeni ya kufuzu Afcon dhidi ya Benin. Penalti. Mané, goli. Penalti nyingine. Mané, goli. Akaongeza na la tatu, Senegal ikashinda 3-1.

Siku tatu mbele, Diamniadio, wageni ni Amavubi wa Rwanda. Vijana wale walikaza dakika zote 90, wakatolewa jasho, hawakutoboka. Muda wa nyongeza ukaanza kuhesabika. Refa akaonyesha penalti. Jukwaa lote lilikuwa limeona Wembley. Cissé, mikono nyuma, hakupaza sauti kumwita mtu yeyote. Mané alishauchukua mpira.

Senegal 1, Rwanda 0.